Maswali ya Wasomaji: Kwa nini C ya klarineti si C ya kinanda?

SWALI: Nilinunua klarineti iliyokwisha kutumika nikajifunza nota kwa kitabu chake. Jumapili moja niliketi kando ya mpiga kinanda wa kanisa letu, nikasoma nota zilezile alizokuwa akisoma yeye, na sauti zetu zikagongana hadi kwaya ikanyamaza. Fundi ameikagua ala na kusema ni nzima, ila ni “ya B-flati”. Kaka yangu hupuliza tarumbeta ambalo nalo ni la B-flati, lakini yeye husoma kitabu cha kinanda bila taabu. Je, tatizo ni langu au ni la klarineti? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Klarineti yako haina kasoro, na fundi amesema kweli, ingawa amekuachia nusu ya maelezo. Jina “B-flati” halitaji nota ya chini kabisa ya ala hiyo. Linaeleza kwamba mpulizaji anaposoma C, sauti inayotoka ni ile ambayo kwenye kinanda huitwa B-flati. Jaribu mwenyewe: ziba matundu yote, kidole kidogo cha kulia kikiwa juu ya kibonyezo chake na gumba la kushoto likibonyeza kile cha kupandisha sauti, kisha puliza. Kitabu chako kinaiita nota hiyo C. Mwombe mpiga kinanda apige C yake ya juu, yenye mitetemo kama 523 kwa sekunde, nanyi mtasikia mkwaruzo uleule wa Jumapili. Akishuka hadi kitufe cheusi cha kushoto, akiruka B nyeupe, atafika kwenye mitetemo kama 466, na hapo sauti zenu zitaingiana.

Usumbufu huu una sababu ya kale. Saksafoni na filimbi, ukizipuliza kwa nguvu zaidi, huruka oktavo moja, yaani nota ya nane, kwa hiyo vidole hurudia mpangilio wao. Klarineti, kwa kuwa bomba lake lina upana ulio karibu sawa kutoka juu hadi chini na limefungwa upande wa mdomo, huruka oktavo na nusu, yaani nota ya kumi na mbili. Vidole vilivyotoa F chini hutoa C juu. Katika karne ya 18, klarineti ya kawaida ilipokuwa na vibonyezo vitano tu, kupiga wimbo wenye shapu au flati nyingi (alama za kupandisha au kushusha nota nusu toni) kulikuwa adhabu, ndiyo maana wapulizaji walibeba klarineti kadhaa zenye urefu tofauti: ya C, ya B-flati, ya A. Mozart alipoandika konseto yake ya mwaka 1791 katika ufunguo wa A, aliiandikia klarineti ya A, na mpulizaji akasoma katika ufunguo wa C, usio na shapu hata moja. Vidole havikubadilika kutoka ala moja hadi nyingine. Kazi ya kuhesabu ilibaki kwa mwandishi wa nota. Mpango huo ulidumu hata baada ya vibonyezo kuongezeka, na hadi leo wapulizaji wa okestra huja na klarineti mbili, ya B-flati na ya A, wakihamisha kipande kimoja cha kutia mdomoni, kikiwa bado na joto, kutoka hii kwenda ile. (Zote mbili kwa kawaida huchongwa kwa mpingo, mti unaomea Kilwa na kwingineko kusini mwa Tanzania.)

Dawa yako, basi, ni kusoma toni moja juu zaidi kuliko kinanda. Wimbo ukiwa katika G, yenye shapu moja, wewe utaupiga katika A, yenye shapu tatu. Aliyelelewa na solfa hapaswi kuhangaika hapa, maana juu ya karatasi ya kwaya huandikwa “Doh ni G” na waimbaji huendelea na do-re-mi zao. Kwako wewe do ya wimbo huo ni A, na mengine yanafuata. Jihadhari tu na nota zilizochapishwa Ujerumani: huko herufi B peke yake ndiyo B-flati, na ile tunayoiita B wao huiita H.

Kuhusu kaka yako, nadhani alifundishwa katika kikundi cha matarumbeta cha Kilutheri kinachofuata desturi ya Ujerumani. Mchungaji Johannes Kuhlo alieneza huko utaratibu wa wapulizaji kusoma kitabu kilekile cha kwaya na kinanda, nota zikiandikwa kama zinavyosikika. Kwa hiyo kaka yako, asipobonyeza kitu, huiita nota yake B-flati, wakati mpulizaji aliyefunzwa kwa vitabu vya bendi za Kiingereza, akiwa na tarumbeta lilelile, huiita C. Chuma ni kimoja, makubaliano ni mawili. Nawe ungeweza kujifunza klarineti kwa njia ya kaka yako, lakini sikushauri, kwa kuwa karibu vitabu vyote vya klarineti vitakupinga.

SWALI: Na saksafoni na tromboni je? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Saksafoni ya alto ni ya E-flati, hivyo kinanda kikipiga katika G mpulizaji wake husoma katika E, yenye shapu nne. Saksafoni ya tena (sauti ya tenor) ni ya B-flati, ila husikika oktavo moja zaidi chini kuliko klarineti ikisoma nota ileile. Tromboni ya kawaida hutoa B-flati mkono wake ukiwa umevutwa ndani kabisa, lakini katika okestra husoma nota kama zinavyosikika, kwa alama ya besi. Katika bendi za Jeshi la Wokovu, hata hivyo, tromboni ya tena huandikiwa kwa alama ya juu na kuhamishwa kama tarumbeta. Kwa hiyo ukiazima kitabu, tazama kwanza alama iliyo mwanzoni mwa mistari.