Kwa nini Bibi yako hakuacha mwani

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia, na nimeisoma zaidi ya mara moja kabla ya kushika kalamu. Unasema kwamba tangu Bibi afariki umekuwa ukiitazama picha yake akiwa ameinama baharini, kanga kaifunga kiunoni na maji yanamfika magotini, na kwamba wenzako huko Muscat wamekuuliza ilikuwaje mwanamke mwenye mtoto mwalimu na mjukuu aliyeko Uarabuni akafanya kazi ya sulubu ya kulima mwani, ile mimea ya baharini, hadi uzeeni. Unataka kujua kama sisi tulimwacha ahangaike au yeye ndiye aliyekataa kupumzika. Alikataa, mwanangu, na sababu zake nitakueleza kama nilivyozisikia kinywani mwake na nilivyoziona mwenyewe.

Kilimo cha mwani wa biashara kilianza upande wetu huu wa mashariki ya Unguja mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Kabla ya hapo wanawake wa hapa kwetu Jambiani walikuwa wakifukia makumbi ya nazi mchangani, wakiyafukua baada ya miezi kadhaa yakiwa yameoza, wakiyaponda kwa magongo na kusokota kamba ambazo bei yake ilikuwa haitoshi hata kibaba cha mchele. Bibi yako aliianza kazi hiyo akiwa msichana mdogo, na mikono yake ilikuwa imeshasugika kabla mwani haujaja. Kwa hiyo anayedhani kwamba mwani ndio uliomtoa kwenye raha hakuyajua maisha yake ya mwanzo.

Babu yako, Mungu amrehemu, hakuupenda mwani hata kidogo. Alikuwa mvuvi, na aliona kuwa bahari ni mahali pa wanaume, na kwamba mke wa mtu hapaswi kushinda majini watu wakimtazama. Bibi hakubishana naye. Alimaliza kazi za nyumba alfajiri, akamfunikia chai na muhogo, akatoka na wenzake, na siku ya kupima mwani ilipofika akarudi na mchele, sukari na mafuta ya taa. Suala hilo halikuzungumzwa tena nyumbani kwetu, ingawa nakumbuka kwamba siku kadhaa Babu alikuwa akinywa chai yake kimya kuliko kawaida.

Wenzako pia wanastahili kuelezwa kazi yenyewe ilivyo, maana picha haioneshi. Mwani hushughulikiwa siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari inapotoka mbali na kuuacha uwanda mzima wa mchanga. Kwetu maji hayo hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, jua likiwa limeshakuwa kali, kwa hiyo mkulima hana hiari ya kuchagua saa ya baridi. Vigingi hupigwa chini, kamba hutandwa kati yake, na vipande vya mbegu hufungwa kimoja kimoja kwenye kamba hizo. Baada ya wiki sita hivi huvunwa, hubebwa ufukweni vikiwa vizito kwa maji, na huanikwa hadi vikauke na kubaki kidogo sana kuliko vilivyokuwa. Mnunuzi huja na mizani yake na bei yake. Kiuno cha Bibi kiliharibika huko, na macho yake pia, kwa mng'ao wa jua juu ya maji. Hayo sikufichi, na sipendi kuwasikia watu wakiisifu kazi hii kana kwamba ni matembezi ya ufukweni.

Lakini pesa ile ilikuwa yake. Nilipoajiriwa na kuanza kumpelekea chochote kila mwisho wa mwezi, alikipokea kwa dua nyingi, kisha bamvua lilipofika akaenda zake. Nilipomkatalia kwa ukali aliniambia, "Pesa yako ukinipa nakwambia ahsante, pesa ya mwani simwambii mtu ahsante." Mwanamke aliyekuwa akiomba hata ya chumvi kwa miaka mingi hakuwa tayari kurudi kwenye kuomba, hata kama wa kuombwa alikuwa mwanawe wa kumzaa. Sare zangu za skuli na nauli yangu ya kwenda mjini vilitoka kwenye mwani. Mabati yaliyoondoa makuti juu ya nyumba aliyafikia kwa upatu aliocheza na wenzake wa baharini, na alipokuwa akiyatazama siku za mvua alikuwa akitabasamu peke yake.

Na hao wenzake ndio sababu ya pili, ambayo nadhani ilikuwa na uzito zaidi kadiri miaka ilivyokwenda. Miaka ya 2000 ule mwani wa aina ya kotonii, ambao ndio wenye bei, ulianza kufa kwa joto la maji, ukabaki spinosamu wa bei ya chini. Ushauri ulikuwa kuhamia kwenye kina kirefu, lakini wanawake wengi hawakujua kuogelea wala hawakuwa na vyombo. Wapo walioacha. Bibi hakuacha, kwa sababu Babu alipofariki na yeye akakaa eda miezi 4 na siku 10 bila kutoka, wanawake wale waliitunza mistari yake ya kamba pamoja na yao, wakavuna, wakaanika, na kila baada ya mizani wakamletea pesa zake zikiwa zimefungwa kwenye pindo la kanga, bila kupungua hata senti. Alikuwa akisema kwamba deni hilo halilipiki kwa pesa. Hata magoti yalipomkatalia kabisa kuingia majini alikaa chini ya mti wa mkungu akiwafungia mbegu kwenye kamba zao, akicheka na kusengenya kama wao, na jioni akirudi na harufu ya bahari kana kwamba alikuwa ameingia.

Basi wakikuuliza tena, waambie kwamba hakuachwa, na kwamba kazi yenyewe ilichosha.

Kuhusu pesa unazotaka kutuma kwa ajili ya hitma yake, punguza. Hitma tutaisoma hapa nyumbani na majirani, kwa pilau ya kutosha tu. Zinazobaki ninunue viatu vya mpira kwa wenzake waliobaki, kwani wengi bado wanaingia na soksi kuukuu na wanachomwa na miiba ya baharini. Majina na saizi nimeshaziandika. Nitakutumia kwenye simu.

Mama yako