Jibu: Mpwa kakamatwa Tanga kwa wizi wa bodaboda, askari anataka "hela ya dhamana"

Mkuu, umeeleza kwamba mpwa wako yuko lokapu hapa Tanga, askari anataka hela ndipo amwachie, na wewe uko Dar hujui uanzie wapi. Nimeshawadhamini watu kadhaa mjini hapa, ndugu na wasio ndugu, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Hela usitoe. Dhamana ya polisi haina malipo. Mnachosaini ni bondi, yaani ahadi ya maandishi kwamba atafika anapotakiwa, na kiasi kilichoandikwa humo kinadaiwa pale tu mtu akiruka dhamana. Wasipomwachia, sheria inawataka wamfikishe mahakamani ndani ya saa 24. (Akikamatwa Ijumaa jioni, saa hizo huwa na tabia ya kufika Jumatatu.)

Ulizia mapema kosa lililoandikwa. Wizi una dhamana. Wakiandika unyang'anyi wa kutumia silaha, hapo kuna kazi, kwani uko kundi moja na mauaji, uhaini na utakatishaji fedha, makosa ambayo sheria imeyafungia dhamana. Ndicho kile kifungu cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, wakati huo kikiwa cha 148(5), kilichozua mjadala mwaka 2020: Mei Mahakama Kuu ikasema kinakiuka Katiba, Agosti Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Mimi naona Mahakama Kuu ilikuwa sahihi, maana Ibara ya 13(6)(b) inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika. Lakini maoni yangu hayamtoi mtu gereza la Maweni.

Kuna pia sharti la kuweka nusu ya thamani, taslimu au mali, kwa kesi za mali inayozidi shilingi milioni 10. Bodaboda haifiki huko.

Wengi wanakwama kwa wadhamini. Hakimu anasema dhamana iko wazi: wadhamini wawili, wakazi wa Tanga, wenye vitambulisho na barua za serikali ya mtaa. Ndugu wanaanza kutazamana. Mpaka mtu akimbilie Makorora kwa mwenyekiti, naye yuko msibani, karandinga limeshaondoka na kijana analala gerezani huku dhamana anayo. Kwa hiyo barua ziandikwe kabla ya siku ya kusomewa mashtaka. Picha ibandikwe, muhuri ukae nusu kwenye picha nusu kwenye karatasi. Majina yafanane herufi kwa herufi na kitambulisho cha NIDA. Nimeona mzee akirudishwa kwa sababu barua ilisema Bakari na kitambulisho Abubakari, na karani hakutaka kusikia kwamba mtaa mzima unamwita Bakari.

Usimpeleke mdhamini wa kuokota pale nje ya mahakama. Mweleze aliyekubali kwamba kijana akitoroka, yeye ndiye ataitwa kujieleza na anaweza kulipishwa bondi nzima. Akiona mwenendo wa kijana haueleweki, anaruhusiwa kwenda mahakamani kuomba ajitoe. Kijana atashikwa mpaka apatikane mwingine.

Masharti yakiwa mazito kupita uwezo wenu, wakili anaweza kuomba yapunguzwe Mahakama Kuu, na kanda yake ipo hapahapa Tanga. Kwa wizi wa pikipiki moja sidhani mtafika huko. Leo mpigie dada yako amtafute mwenyekiti wake wa mtaa kabla ya magharibi.