Kabla ya kufunga kiyoyozi Kigoma, pitisha upepo kwenye kompyuta

Wateja wengi hapa Kigoma wakishaona mchoro wa nyumba, huuliza kiyoyozi kitakaa wapi. Huwa nawaomba wasubiri kwanza. Kiyoyozi kinakula umeme, na umeme wa mji huu kwa miaka mingi ulikuwa wa majenereta ya dizeli. Upepo wa ziwa hauhitaji LUKU.

Kuona upepo huo utapitaje nyumbani kabla ya kujenga, natumia OpenFOAM, programu ya bure iliyofunguliwa kwa kila mtu mwaka 2004. Inagawa hewa inayozunguka jengo kuwa vijisanduku vingi mno, kisha inakokotoa kasi na mgandamizo katika kila kimoja. Nyumba ya kawaida naiacha ikokotoe usiku kwenye laptop. Inatoa picha za rangi za kuvutia, ila hazina maana kama uliingiza upepo usiovuma hapa.

Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko Ziwa Tanganyika, basi upepo hutoka magharibi, ziwani, ukapanda mjini. Usiku hugeuka, hewa ikateremka kutoka vilimani kwenda majini. Kiangazi, Mei hadi Septemba, kuna na ule wa kusini. Anayejaribu mwelekeo mmoja tu anajidanganya.

Tatizo ni kwamba jua kali la alasiri nalo liko upande wa ziwa. Dirisha kubwa la kutazama machweo linaingiza upepo na joto kwa pamoja. (Wenye viwanja vya kuona ziwa hawapendi kusikia hili.) Kwa nyumba moja ya mtaa wa Mwanga, hapa hapa mjini, nilipunguza madirisha ya magharibi, nikafungua ya kusini na kaskazini, kila moja na ukuta mwembamba uliochomoza nje: dirisha la kusini ubavu wake wa mashariki, la kaskazini ubavu wake wa magharibi. Upepo wa ziwa ukipita kandokando ya nyumba unagonga ukuta huo mwembamba wa dirisha la kusini na kuingia ndani, huku nyuma ya ule wa dirisha la kaskazini hewa ikifyonzwa nje. Usiku upepo ukigeuka, madirisha hayo yanabadilishana kazi. Kwa kichwa tu nisingethubutu kumwambia fundi ajenge hivyo.

Chora pia nyumba za jirani na uzio. Uzio mrefu wa tofali ukiwa karibu na nyumba unaweza kuyanyima upepo madirisha yote ya chini, na hakuna anayeufikiria hadi umeshajengwa. Dirisha la aluminiamu la kusukuma linafunguka nusu tu, kwa hiyo ingiza nusu hiyo, na uhesabu kwamba wavu wa mbu utapunguza upepo zaidi. Takwimu za upepo za Mamlaka ya Hali ya Hewa hupimwa mita 10 juu, mahali pa wazi. Usizipeleke moja kwa moja kwenye dirisha la chumbani.

Chumba kitakachobaki na joto baada ya yote hayo, hicho ndicho cha kupimia kiyoyozi.