Anayevuma ni jike, mwenye masikio ni dume

Wiki hii maswali mengi yametoka kwa watu waliokosa usingizi. Tuanze na wao.

Kila usiku mbu ananililia sikioni. Wanasema ni jike. Sasa dume yuko wapi? (Mama Zuhura, Mbagala)

Ni jike kweli, Mama Zuhura. Yeye ndiye anayetafuta damu ya kukomazia mayai. Dume anaishi kwa maji matamu ya maua. Mvumo ule ni mabawa ya jike, yanayopiga mara mia kadhaa kwa sekunde, na si wewe unayeitwa. Anayeusikilizia ni dume.

Juzi magharibi nilimfunika mmoja kwa glasi ya chai dirishani. Vipapasio vyake vilikuwa na manyoya tele, kama brashi ya kuoshea chupa ya mtoto. Huyo ni dume. Vya jike vina manyoya machache tu. Manyoya yakitikiswa na sauti, mtikisiko unashuka hadi kwenye kivimbe kidogo kilicho kwenye shina la kipapasio, na humo ndimo anamosikilizia. Daktari Mmarekani, Christopher Johnston, alikieleza kiungo hicho mwaka 1855. Kwa mbu aenezaye dengi, dume ana seli za kusikia kama 15,000 kila upande, na jike ana karibu nusu ya hizo. Lile wingu la mbu linalocheza juu ya kichaka jua likizama ni la madume: wanasubiri jike apite, wamsikie, wamfuate.

Nimenunua Kariakoo kidude cha kuchomeka ukutani. Muuzaji kasema kinatoa sauti ya dume, majike wanakimbia. Mbona bado naumwa? (Kijana wa Tandale)

Umepigwa, mdogo wangu. Uchambuzi wa mwaka 2007 ulikusanya majaribio 10 ya vidude vya aina hiyo, na hakuna hata moja lililoonyesha kwamba vinapunguza mbu. Sauti huvuta zaidi kuliko kufukuza, na anayevutwa ni dume: karne ya 19 mhandisi Hiram Maxim aliona mbu wakijazana kwenye kifaa cha taa za umeme kilichokuwa kikivuma, wote madume. Rudi kwenye chandarua.

Nyenje dume anapiga kelele usiku kucha. Jike anasikia? (Msomaji, Kigamboni)

Anasikia vizuri sana, tena kwa miguu! Masikio yake yako kwenye miguu ya mbele, chini kidogo ya goti. Mwaka 1913 mwanabiolojia Johann Regen alimsikilizisha jike sauti ya dume kwa simu, naye akatembea mpaka kwenye simu.

Na vunjajungu? (Huyohuyo)

Wengi wana sikio moja tu, katikati ya kifua. Kuna aina ambazo jike ana mabawa mafupi, haruki, na usikivu wake ni hafifu. Dume huruka usiku, kwa hiyo husikia sauti nyembamba za popo wawindao wadudu, akajitupa chini. Popo wanaomaliza maembe yako hawamhusu.