Usimburute mumeo arudi kikundini

*Shangazi, tumsifu Yesu Kristo. Nina miaka tisa ya ndoa. Parokiani kwetu kimeanzishwa kikundi cha wanandoa, tunakutana kwa zamu majumbani. Kwenye kikao cha tatu nilisema mume wangu amesimamishwa kazi na tunaishi kwa mkopo wangu wa kikoba. Wiki haikuisha, muuza genge akanipa pole. Mume wangu hajakanyaga tena kikundini, anasali Misa ya kwanza asikutane na wenzetu, na nyumbani ananijibu kwa mkato. Paroko ananihimiza nimlete. Nifanyeje arudi? – Mama J, Morogoro*

Milele amina, mwanangu.

Unatafuta njia ya kumrudisha mumeo kikundini, ilhali kwako mwenyewe bado hajarudi. Tuanzie hapo.

Habari ya kazi yake ilikuwa siri yake. Yeye ndiye wa kuitoa, siku anayotaka, kwa mtu anayemwamini. Ulipoitoa wewe, ulimwaga mchele penye kuku wengi. Najua hukukusudia. Ulikuwa umelemewa, ukaona penye sala ni mahali salama. Aliyeibeba mpaka gengeni ana kosa lake, na ni zito, lakini kinachomuuma mumeo ni kwamba ilitoka kinywani mwako. Mwombe radhi. Usimwambie "nisamehe kama nimekukwaza", taja ulichofanya: "Nilisema siri yako bila kukuuliza." Kisha nyamaza, usijitetee, hata kama atakaa kimya usiku kucha.

Sisi Wakatoliki tumezoea kitubio, kwa hiyo tukimwona padre ameketi nasi kwenye duara tunadhani kila kinachosemwa hapo kimefungwa. Sivyo. Siri ya kitubio inambana padre kwa sheria ya Kanisa na hana ruhusa ya kuivunja kwa sababu yoyote. Kikundi kinalindwa na uaminifu wa waliomo tu, na uaminifu haujengeki kwa vikao vitatu. Padre Henri Caffarel alipoanza kukutana na wanandoa mjini Paris mwaka 1939, walikuwa jozi nne tu. Vikundi vilivyozaliwa pale, Équipes Notre-Dame, vimebaki vidogo mpaka leo, na vina desturi ninayoipenda sana: kila mwezi mume na mke wanakaa wawili peke yao, wanasali, wanazungumza bila haraka. Kikundini wanaweza kusema kama walikaa au walishindwa. Waliyoambiana yanabaki yao.

Siku ukiketi tena na wenzako, sema la kwako. "Mwezi huu nimeishi na hofu, niombeeni." Hilo linatosha kabisa, maana hofu ni yako.

Ila kwa sasa usiende peke yako. Najua wengine watakushauri uendelee ili umvute. Mimi nimeona mke akikaa peke yake kwenye kikundi cha wanandoa: mara kila mtu anamuulizia mumewe, kila sala inamhusu, na yule asiyekuwepo anageuka mshitakiwa. Mwambie Paroko mnapumzika. Na umwambie waziwazi kwamba siri ilitoka, bila kumtaja unayemshuku, ili yeye na jozi inayoongoza waliseme hilo mbele ya wote. Kikundi kisichokemea umbea kitavunja nyumba nyingine.

Mumeo akilainika, usimpeleke tena kwenye duara. Ulizia jimboni kama kuna Marriage Encounter, ule utume ulioanzishwa na Padre Gabriel Calvo huko Hispania. Mafungo ya kwanza yalifanyika Barcelona mwaka 1962. Pale hakuna anayelazimishwa kusimama aeleze ya nyumbani kwake. Wanaotoa mada ni wanandoa na padre, wanasimulia maisha yao wenyewe, kisha kila mtu anaandika barua na kumpa mwenzake, wanazungumza wawili faraghani. Kwa mwanamume aliyeaibishwa hadharani, naona huo ndio mlango.

Barua yako haijagusa kipigo wala vitisho. Kama vipo, yote niliyoandika yaweke kando: nenda Dawati la Jinsia polisi, na ujue kwamba Kanisa halimlazimishi mtu kubaki chini ya paa lenye hatari.

Kama havipo, huna haja ya kungoja mafungo. Wanandoa wa utume huo wana zoezi wanaloendelea nalo nyumbani: dakika kumi za kuandika, kumi za kuzungumza. Anza wewe, watoto wakishalala. Andika ulivyojisikia siku ile muuza genge alipokupa pole. Usitaje kikundi, usitaje mkopo. Mpe karatasi mkononi, umwachie aisome kwa wakati wake, na usimuulize kesho asubuhi kama ameisoma.