Jibu: Kuchora pamoja mkisoma falsafa

Umeuliza kwa nini kikundi chenu kilichora pango la Plato (mfano wa mwanafalsafa huyo wa Ugiriki ya kale kuhusu wafungwa wanaoona vivuli tu ukutani) kikabaki na picha nzuri bila mjadala. Mlichora mandhari, hamkuchora hoja. Chukueni aya moja tu, isiyozidi maneno 150, isomwe kwa sauti mara mbili. Watu wanne, kila mmoja na karatasi yake na kipande cha mkaa. Rangi ziacheni, zinavuta watu kwenye urembo. Choreni kimya dakika 5, kisha karatasi zizungushwe. Anayepokea hafuti: anaongeza pingamizi au swali kwa mchoro, na pembeni anaandika sentensi ya matini iliyomsukuma. Sharti hilo msilipuuze kabisa! Bila sentensi hiyo, mchoraji hodari huwaburuta wenzake mbali na maandishi. Maelezo ya mdomo yangoje hadi kila karatasi imrudie mwenyewe.