Altezza RS200 na oili: uzee wa gari siyo sababu ya kuweka nzito

Mkuu, umesema umenunua Altezza RS200 ya 1999 yenye kilometa 170,000, na fundi kakwambia uweke SAE 40 kwa kuwa injini ya zamani inataka oili nzito. Nimekaa na gari kama hiyo miaka sita, na mwaka wa kwanza nilipewa ushauri huohuo nikaufuata. Nakuomba wewe usiufuate.

Injini yake, 3S-GE, inatoa hadi farasi 210 kwenye mizunguko 7,600, na ina VVT-i, yaani mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, kwenye kemshafti zote mbili. VVT-i inasukumwa na presha ya oili, nayo oili inapita kwanza kwenye valvu ndogo yenye chujio laini. Mimi nikiwasha alfajiri nilikuwa nasikia kra-kra-kra juu ya injini, sekunde tatu au nne, halafu kimya. Baadaye taa ya injini ikawaka, sailensi (mizunguko ya injini gari ikiwa imesimama) ikawa inapanda na kushuka. Tulipoitoa ile valvu, chujio lake lilikuwa limezibwa na tope jeusi kama masizi ya sufuria. Tukaisafisha, tukamwaga oili yote, gari ikatulia.

Kwenye oili kama 5W-40, namba iliyo kabla ya W inaonyesha oili inavyokuwa kwenye baridi. Ya mwisho inaonyesha uzito wake ikifika nyuzi 100. Watu wanasema Dar hakuna baridi, kwa hiyo namba ya mwanzo haituhusu. Injini iliyolala usiku kucha iko kwenye nyuzi 25 hivi, mbali kabisa na 100, na hapo SAE 40 tupu ni nzito kuliko 5W-40, ingawa zikichemka zinalingana.

Kwa hiyo weka 5W-40 ya sintetiki, yenye kiwango cha ubora cha API SN au SP kwenye dumu. 5W-30 nayo inafaa kama injini haili oili, ila mimi napanda mlima Kitonga mara kwa mara nikiwa gia ya tatu, mizunguko iko juu na joto ni kali, naamini 40 zaidi. 20W-50 achana nayo. Kama inakula oili, kagua kwanza sili za valvu, valvu ya PCV (inayotoa mvuke ndani ya injini) na gasketi ya kava ya juu. Chomoa plagi uone kama zimeloa oili. Oili nzito itakufichia tatizo tu.

Nunua kwa muuzaji unayemwamini na ukague sili ya kifuniko, maana madumu yanayojazwa upya yapo mengi.

Kwa kuwa hujui waliotangulia waliweka nini, mwaga ya kwanza ikifika kilometa 2,000, ubadilishe na filta. Baada ya hapo kila 5,000, foleni zetu zinaichosha oili. Stiki ya kupimia oili ichomoe kila Jumamosi asubuhi kabla hujawasha, gari ikiwa sehemu tambarare. Kelele ya asubuhi ikibaki hata baada ya oili mpya, rekodi sauti uiweke hapa, tuisikilize.